Gauni la Mama Plamedie

"Nenda uvue hiyo kitu!" Alphonsine alipaza sauti juu ya ua wa matete. "Bakwe wanakuja na ng'ombe za dot ya binti yako, na weye unatokea mu nguo ya matanga? Haya huna?"

"Haitoke mu mwili, Alphonsine. Unajua vizuri," Scholastique, mama yake Plamedie, akajibu, akiendelea kuchambua majani ya sombe.

"Njo nilikuambia nguo ya balo wanafua kwanza, ndiyo wanavaa!"

Hapo jirani alisema kweli. Scholastique alilipata gauni hilo sokoni, balo la mitumba likifunguliwa, na kwa kuogopa Alphonsine asije akatangulia kuonekana na nguo yenye marque, alilivaa palepale. Shingoni lilishonwa kitambaa cha dhahabu: Madame Corvelle, kwa kila tukio. Tangu siku hiyo halikumtoka, na ahadi yake liliitimiza. Jumapili lilirefuka likaota kola. Akienda ofisi ya commune kutafuta karatasi, lilikuwa koti na sketi. Kwenye arusi lilitoa urembo wa dantela na mikono ya puto. Akilikata kwa mkasi, lilijishona kabla chai haijapoa. Alphonsine, aliyetangazia mtaa mzima wa Lumumba kwamba ile marque ni ya bandia, mwishowe alikubali: ya bandia ingekuwa imechuja.

Ila msiba, gauni liliutangulia. Likiamka jeusi, jioni kulikuwa na kilio upande wa Djugu. Amani na wanamgambo ilikuwa imesainiwa, redio ilisema hivyo kila siku, lakini madereva wa barabara ya Fataki, ipitayo Djugu, walichungulia kwanza langoni kwa Scholastique ndipo wapakie. Mkubwa wa kizuizi cha kutokea mjini naye alituma askari kuuliza Mama Plamedie amevaa nini. Likiwa jeusi, mkubwa alibaki ndani pamoja na watu wake wote, na barabara ikabaki bila mlinzi. Siku Scholastique alipotaka kumfuata dada yake huko mji wa Niania, majirani walishusha mzigo wake kutoka garini. Walimwambia kwa upole: nani atatuonyesha?

Dot ya Plamedie, sherehe ya mahari, ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya weusi huohuo. Binti alikuwa tayari amevaa kitenge, pagne ya sare ya familia. Kipande cha mama yake, kilichoshonwa vizuri, kilining'inia msumarini. Akampigia simu Yves, mchumba wake, kule Fataki.

"Musitoke. Robe ya mama iko nyeusi."

"Tena?" Yves akauliza. "Basi. Tunafungua ng'ombe."

Alphonsine, shangazi wa Yves, akazunguka ua, akaingia, akakaa kwenye kiti cha bakwe. "Sawa. Hawatoki. Sasa ibadilike."

Wakalitazama. Nyama ya mbuzi ikaiva, wali ukaiva, kivuli cha turubai la shitingi kikahamia ukutani. Gauni likabaki jeusi, vifungo hadi kooni.

"Maman," Plamedie akauliza, "kama wetu hawakutoka, inalilia nani?"

Alphonsine akarekebisha kitambaa cha kichwa. Scholastique akapunguza moto.

Jua likiteremka, askari wa kizuizini alipita kuuliza kama kesho itakuwa vilevile. Scholastique akamwambia arudi asubuhi. Askari akashukuru, akaenda.

Nyuma yake alisimama mwanamke wasiyemjua, mwenye viatu mkononi.

"Hodi. Naitwa Madeleine. Niko natafuta mama mwenye robe. Bwana yangu alipanda kamyo ya Fataki asubuhi. Dereva iko mugeni, hakujua kupita hapa. Simu yake haiite."

Kisha akaliona gauni. Alianza shingoni, akashuka taratibu mpaka pindo. Akaviweka viatu chini.

Alphonsine akainuka kwenye kile kiti, akakipangusa kwa mkono. Plamedie akaleta maji ya kunawa.

"Ingia, mama," Scholastique akasema, akifunua sufuria. "Ukule kwanza. Chakula iko mingi."