Mtawanda wa Kushoto

Mimi Mardhiya, seremala wa Ng'ambo niliyerithi karakana ya baba, nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona ubao nisitake kujua ni wa mti gani. Nimewahi kufukuzwa kwenye hitima kwa kupindua meza ya wenyewe nitazame chini yake. Kwa hiyo Shadya alipokuja na mtawanda mmoja tu, kile kiatu cha mti, wa mguu wa kulia, sikumsikiliza vizuri. Nilishaanza kuunusa.

"Ni wa jozi ya bibi yangu, Bi Ummkulthum wa Kizimkazi," alisema. "Ndiyo aliyoolewa nayo. Alinipa nimuwekee, na mimi Ijumaa nnaolewa. Sasa wa kushoto umeliwa na mchwa. Macho yake hayaoni tena, lakini anataka anisikie nikitembea nayo. Akijua nimewaachia mchwa wakaula, sijui ntamtazama vipi."

"Wameula mmoja, wakauacha huu?"

"Na ilikuwa ndani ya kikapu kimoja."

Hapo ndipo nilipopaswa kutulia nikafikiri. Sikutulia. Niliuparura kidogo kwa patasi, nikaona wekundu wake, nikajigamba: "Mkomafi huu. Mti wa mikokoni, mchwa hawauwezi." Kwangu mimi jozi ni jozi, hutoka gogo moja. Nilichukua kipande cha mkomafi cha mashua kuukuu, nikachonga wa kushoto, nikatia msuruaki, kile kijiti cha kubania kwa vidole, kisha nikaupaka mafuta hadi mwenyewe nikawa siutambui mpya ni upi.

Jumatano nilifuatana na Shadya hadi Kizimkazi. Hakuna aliyenialika.

Tulimwamkia Bi, akaitikia marahaba, akakaa sawa kwenye mkeka. Shadya akavaa, akatembea ukumbini: ko, ko, ko, ko. Bi akainamisha kichwa.

"Wa kulia wangu," alisema. "Wa kushoto sio."

Shadya alikaa chini akalia, akaeleza yote. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Usilie, mwanangu. Ule nlikuwa nkiuanika juani kila mwezi, nkasahau kukwambia. Mchwa wamefanya kazi yao." Kisha akanigeuzia uso. "Lakini wewe fundi, mchwa walikwambia kitu, hukuwasikia."

Kweli walikuwa wameniambia. Kikapu kimoja, mmoja umeliwa na mwingine mzima: hata mwanafunzi wa wiki moja angejua kuwa ni miti miwili. Niliona haya, lakini udadisi ulinizidi nguvu. Nikamuuliza kwa nini.

"Wa kulia ni mkomafi, aliukata mume wangu Machano, kwao Fumba. Wa kushoto ni mwembe wa uani kwetu. Mtu hutoka nyumbani kwa mguu wa kushoto, akaingia kwa mume kwa wa kulia. Nlitaka nitoke nimekanyaga mti wa kwetu, niingie nimekanyaga wa kwake."

"Mwembe wenyewe upo?"

"Ulikatwa zamani. Kilichobaki ni kinu kile cha mama."

Kilikuwa pembeni mwa jiko, kimesuguliwa na michi ya miaka mingi. Nilikigonga kwa kidole. Kilitoa sauti nzito, ya chini. Nilijua anachotaka kusema, na nilitamani asiseme.

"Kipasue."

"Bi, kinu cha mama yako?"

"Mwaka wa tatu huu sijatwanga. Kimekaa kunitazama tu, na mimi sikioni."

Nimepasua mbao nyingi maishani, lakini lile shoka la jirani lilikuwa zito. Kinu kizima kilikwenda kwa mtawanda mmoja. Nilichonga palepale uani mpaka baada ya laasiri, huku Bi akipapasa vibanzi vilivyoanguka na kuvinusa kimoja kimoja, akivitia kwenye pindo la kanga yake.

Shadya akavaa tena. Ko, pu. Ko, pu. Bi alikuwa akizifuata hatua kwa midomo, bila ya sauti, na machozi yakimtoka.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Haya, mwanangu. Toka nikusikie."

Shadya alifika kizingitini, akasita, akatanguliza mguu wa kushoto.