Siku Dunia Ilipookolewa Tuwan

Kazi yangu ni kuzisemesha filamu za kizungu. Watu wa mtaa wetu wa Tuwan hawaji kwenye chumba changu cha video kusoma maandishi, wanakuja kumsikia Kibe na kipaza sauti chake. Bunduki nailiza mimi, farasi namkimbiza mimi, na mtu akibisha hodi nagonga ubao ulio chini ya meza. Chumba kikijaa nafunga komeo na kuzima simu, kwa sababu walevi wa mtaa wanapenda vya bure.

Mwezi huo dadangu Wangui alikuwa akilala chumba cha nyuma, mimba ya miezi minane. Mumewe Khisa, aliyekuwa kazini Bungoma, alinikabidhi: "Shemeji, akishikwa na uchungu ni wewe na pikipiki yako."

Jumapili alasiri nikaweka filamu kuukuu isiyo na rangi. Wageni kutoka nyota ya mbali wanataka kujua kama binadamu anastahili kuishi. Mmoja anajigeuza mzee mgonjwa, anabisha nyumba kwa nyumba. Jua likitua kabla hajafunguliwa, dunia itachomwa.

"Si mfungue, bana!" watu walifoka. "Ati mnaogopa mzee?"

Nikagonga ubao, wakashangilia. Kisha mlango wetu ukagongwa mara tatu, wakashangilia zaidi. "Kibe, wewe ni moto!"

Mimi nilijua si mimi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kipaza sauti. Nikasema moyoni, walevi hao, nikaongeza sauti. Ukagongwa tena, polepole, chini zaidi. Nikaendelea kusema. Sifa ni tamu, sitawadanganya.

Hatimaye mjane mmoja akamfungulia mzee, dunia ikaokoka, makofi yakapigwa. Nikafungua komeo.

Wangui alikuwa amelala kizingitini, nguo imelowa damu. Tulimkimbiza hospitalini, lakini tulikuwa tumechelewa. Tukawapoteza wote wawili, yeye na mtoto.

Khisa alifika asubuhi. Hakupiga kelele, na laiti angenipiga. Aliwauliza tu waliokuja matanga: "Kwani hakuna mtu alisikia akigonga?"

"Tulisikia," jirani yetu Cheptoo akajibu huku analia. "Lakini si alikuwa Kibe na ule ubao wake?"

Khisa akanigeukia. "Ulikuwa wewe, shemeji?"

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Ilikuwa filamu."

Akanikumbatia, akaniambia pole.