Jiwe Ndani ya Kikapu

Ayoub alikuwa na kipaji kimoja ambacho skuli haikumtolea cheti: kuchekesha watu. Kila siku baada ya sala ya alasiri utamkuta barazani, juu ya lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba ya Mzee Mmanga, kikombe cha kahawa mkononi, akitafuta wa kumfanyia mzaha.

Mwenzake wa mizaha hakuwahi kukaa barazani hata mara moja. Bi Salhiya aliishi ghorofani nyumba ya mbele, na uchochoro wenyewe mwembamba hivi kwamba ukipiga chafya chini, yeye ndiye wa kwanza kukuombea rehema. Magoti yake yalishagombana na ngazi zamani. Basi Haroub muuza mikate akipita na baskeli yake, dirisha hufunguka na kikapu cha ukili huteremka kwa kamba. Haroub hutia boflo, kikapu hupanda. Lakini hakipandi kimya kimya.

"Mmanga, mguu vipi?"

"Alhamdulillahi, Bi Salhiya, nnakwenda nao."

"Haroub, mtoto kashaota jino?"

"Kashaota, na kashamuuma mamake!"

"Na wewe Ayoub, utaoa lini tupumzike?"

"Nnakungoja wewe, Bi Salhiya. Teremka tu!"

"Niolewe nawe nikuoshee na soksi? Toka hapa!"

Baraza nzima kicheko, dirisha likafungwa, watu wakaenda zao wepesi kidogo kuliko walivyokuja.

Siku moja Ayoub akaokota jiwe lililodondoka ukutani. Haroub alipogeuka kumhudumia mtu mwengine, akalitia kikapuni, akalifunika kwa boflo, akatoa simu.

Bi Salhiya akavuta. Kikapu kikainuka kidogo, kikagoma.

"Haroub, leo umenitilia na tanuri lake?"

Vijana wakajibana mbavu. Bi Salhiya akashika kamba kwa mikono miwili, akainama nje ya dirisha, akavuta kwa nguvu zote. Mtandio ukateleza, ukaanguka uchochoroni. Kichwa kikabaki wazi, mvi na kipara katikati, mbele ya wanaume na simu yao. Akaiachia kamba, akajiziba kichwa kwa viganja, akarudi ndani. Boflo likabiringika mpaka mtaroni.

Watu walicheka, tusidanganyane. Ayoub alicheka kuliko wote, na kicheko hakijesha alishaituma video kwenye kundi la mtaa. Chini yake aliandika: "Bi Salhiya anavua papa."

Kesho yake dirisha halikufunguka. Haroub alipiga kengele ya baskeli mpaka paka wakahama. Siku zilizofuata pia hakuna kitu. Watu walikunywa kahawa yao wakitazama simu. Mguu wa Mzee Mmanga ukaanza kumuuma upya, au labda uliuma siku zote ila zamani alikuwepo wa kuuuliza hali. Ayoub akatoa kichekesho chake kizuri kuliko vyote. Mtu mmoja akatabasamu, kwa adabu tu.

Halafu akaja Faiza, bintiye Bi Salhiya anayekaa Bububu, na begi tupu mkononi. Akasimama mbele ya baraza.

"Ayoub ni nani hapa?"

Kila mtu akachungulia kikombe chake.

"Naam," akajibu Ayoub.

"Video yako imefika Bububu. Mwanangu kaonyeshwa skuli, kaambiwa bibi yako huyo. Mama hataki dirisha lifunguliwe, chakula hataki. Ijumaa nnamchukua."

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Ayoub akazunguka mlango kwa mlango akiomba watu waifute. Wengine walifuta. Mmoja akamwambia, "Mbona mie nimeletewa kutoka Mkokotoni?" akamfungulia aione. Ndipo Ayoub akasikia, juu ya mihemo ya bibi wa watu, kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa kirefu sana.

Mtandio Haroub alikuwa ameuokota, akampelekea mama yake Ayoub. Mama akaufua, akaupiga pasi, akamkabidhi mwanawe, na Ayoub akapanda ngazi za Bi Salhiya kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Hodi. Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba. Weka hapo."

Alikuwa amejifunga kanga mpaka kwenye nyusi. Kiti chake kilikuwa dirishani, lakini amekigeuza, kinatazama ukuta. Mezani palikuwa na sinia ya maboflo yaliyokauka, mengine yamemegwa mara moja tu.

"Mkate wote huu, Bi Salhiya?"

"Kwa meno haya mie nile boflo kila siku? Nilikuwa nnanunua nipate kuitwa." "Ile video, umeifuta?"

"Nshaifuta."

"Na wenzio?"



"Nisamehe, bibi yangu."

"Nshakusamehe. Lakini nikisogea dirishani, kichwa nnakiona kitupu, na kanga ninayo."

Ijumaa, Faiza akiwa juu anakunja nguo, Ayoub akapita barazani na kofia yake mkononi, akakusanya simu zote. Akawageuza watu nyuso ukutani, Mzee Mmanga na kahawa yake pia.

"Bi Salhiya!" akaita, macho chini. "Haroub huyo! Hakuna anayetazama juu."

Haroub akapiga kengele.

"Bi Salhiya, mguu wangu unaniua!" akalia Mzee Mmanga akiuambia ukuta.

Kitasa cha dirisha kikalia. Kamba ikakwaruza, na kikapu kikatua mbele ya miguu ya Ayoub. Akachukua boflo kwa Haroub, akalitia polepole.

"Nani katia mkate?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Mie. Ayoub."

Kikapu hakikuondoka.

"Basi tia mkono, Ayoub, uniangalizie kama hamna jiwe."

Mtu mmoja ukutani akapasuka kicheko, wengine wakafuata, na Faiza naye akasikika huko juu. Ayoub masikio yalimuwaka. Akapiga magoti, akalitoa boflo, akauingiza mkono ndani ya kikapu kitupu, akapapasa pembe zote, mtaa mzima unamsikiliza.

"Hamna, Bi Salhiya."

"Papasa tena."

Akapapasa tena.