Diwani Alisema Wasimame

Asubuhi ya sikukuu ya Madaraka, mwaka wa tatu baada ya Uhuru, Watiri alimenya madebe mawili ya viazi vya wageni, akanawa mikono, akaenda kuketi na akina mama wenzake mbele ya jukwaa katika uwanja wa mpira wa Giakanja. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Kipaza sauti kilitumia betri ya gari, na kila baada ya muda kilikoroma.

Diwani Simeon Ngatia alihutubia kwa saa nzima. Alizungumzia maji ya bomba na josho la ng'ombe. Alikuwa mtu aliyejali sana namna hotuba inavyomalizika. Mwaka uliotangulia alimaliza kwa wimbo, na kufikia jioni hakuna aliyeukumbuka. Safari hii alikuwa amemwomba mwalimu Hezekiah amtafutie maneno ya kufungia. Alikunja karatasi, akavua kofia, akapaza sauti:

"Wote waliopigania nchi hii, popote walipo, wasimame tuwaone!"

Wazee watatu walisimama kwenye nyasi, wakapigiwa makofi. Kisha wakasimama waliokufa. Walitoka ardhini taratibu, upande wa goli la chini, wakakung'uta udongo magotini. Walikuwa kumi na saba. Makofi yaliendelea, kwa kuwa wageni hawakutaka kuonekana wanawabagua. Diwani alisema asante, akaketi. Mwandishi wa gazeti aliyetoka Nyeri mjini aliandika kwamba hotuba ilifana.

Watiri alimtambua mumewe, wa nne kutoka kushoto. Mutahi aliuawa ukingoni mwa msitu mwaka wa hamsini na tano, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mkewe kaburi. Alikuwa amevaa koti lile lile, na kifuani lilikuwa na matundu mawili. Watiri alimwendea.

"Baba Kagure, umekonda."

"Na wewe umezeeka. Kagure ako wapi?"

"Aliolewa Karatina. Ako na watoto wawili."

Mutahi alifurahi.

"Na shamba yetu?"

Watiri alitazama jukwaani. Moffat, naibu wa chifu, alikuwa akifungua soda. Wakati mashamba yalipounganishwa na kuandikwa upya, Mutahi alikuwa msituni, naye Moffat, aliyekuwa homgadi, askari wa kijiji upande wa Wazungu, ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Eka nne za Mutahi ziliandikwa kwa jina la Moffat. Watiri alipewa kiploti kijijini, chembamba hata kuku walilazimika kupishana.

"Iko na Moffat. Amepanda kahawa."

"Inazaa?"

"Inazaa sana."

Jioni watu walirudi makwao. Wale kumi na saba walibaki. Walikuwa wameambiwa wasimame, na hakuna aliyewaambia waketi. Walipoulizwa wangependa kuketi wapi, kila mmoja alitaja shamba lake, na kila shamba lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Jumatatu Watiri alikwenda ofisini kwa diwani. Alingoja hadi saa saba.

"Mheshimiwa, wewe ndio uliwasimamisha. Warudishie mashamba, ama uwaambie waketi. Miguu inawauma."

"Mama, ile hotuba iliisha," diwani alisema kwa upole. "Nikiongeza neno nitaharibu mwisho. Na mambo ya mashamba ilifungwa. Vyeti vimetoka."

"Ulisema mnataka kuwaona."

"Na tumewaona, mama. Tumewaona vizuri kabisa."

Wiki hiyo Moffat aliwazungushia seng'enge ili ng'ombe wasijikune kwao. Vijana walisogeza goli hatua ishirini, mpira ukaendelea. Jumapili baada ya kanisa, watu walikuja kutoka Wamagana kutazama jamaa zao, wakawaletea masweta. Katika uchaguzi uliofuata diwani alipita bila taabu, na watu bado waliyataja yale maneno yake ya mwisho.

Msimu wa kahawa ulipofika, Watiri alifanya kibarua cha kuchuma kwa Moffat, katika zile eka nne. Kila alipomaliza kazi alipitia uwanjani, akasimama karibu na Mutahi wakizungumza habari za wajukuu. Siku moja jua lilizama, naye bado alikuwa amesimama pale.

"Keti, Mama Kagure," Mutahi alisema. "Wewe haukuitwa."

Watiri alifikiri.

"Nani alikuwa anawaletea chakula msituni?"

"Ni wewe."

"Miaka ngapi?"

"Mitatu."

Mutahi alimtazama, kisha akamwambia jirani yake asogee. Jirani alisogea. Watiri aliweka kikapu chini, akapita katikati ya seng'enge, akasimama wa tano kutoka kushoto.

Asubuhi Moffat alimsubiri shambani hadi jua likawa juu, kisha akatafuta mchumaji mwingine.