Chifchaf wa Kwanza

Niseme mapema, nisije nikajifanya malaika: hakuna aliyenilazimisha. Mchezo aliubuni Desmond Cutforth, daktari wa meno mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimia unahisi anakukagua magego. Lakini Desmond peke yake asingefika mbali, kwa sababu Wilf Pinchbeck hakumwamini hata kidogo. Wilf aliniamini mimi, na ndiyo maana walinihitaji.

Chama chetu cha watazama ndege hapa Saltmere kina watu kumi na wanne kwenye karatasi na saba kwenye matope. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, baridi ikiwa bado inang'ata masikio, tunakutana saa mbili na nusu asubuhi kwenye maegesho ya machimbo ya zamani ya kokoto, ambayo siku hizi yamejaa maji na mabata. Tunayazunguka yote, kila mtu na darubini yake shingoni na chupa yake ya chai mkobani, hadi tunarudi pale pale kwenye magari. Tunahesabu mabata, tunahesabu korongo, tunabishana kidogo. Lakini hayo yote ni ya kupitisha muda. Tunachokifuata ni chifchaf wa kwanza.

Ni kindege kidogo cha rangi ya majani yaliyofifia, kinatosha ndani ya kikombe. Hurudi kwetu kutoka kusini baridi inapolegea. Kwa sura hana lolote, utamchanganya na wenzake kumi. Kinachomtambulisha ni sauti, na jina lake ni hiyo sauti yenyewe: chif-chaf, chif-chif-chaf, juu kwenye mierebi, kama mtu anayegonganisha vijiko viwili bila kuchoka. Siku akiimba, sisi huku tunajua tumeivuka baridi.

Tunacho kitabu kimoja chenye jalada la ngozi, na tangu mwaka 1934 kila mwaka umepewa mstari wake: tarehe, saa, mahali, sahihi ya kiongozi. Kiongozi akimsikia ndege hunyoosha mkono juu. Wote tunasimama pale tulipo, tunainua nyuso, hakuna anayekohoa mpaka ndege anyamaze. Kisha kiongozi anaandika. Sharti ni moja, nalo limeandikwa ukurasa wa kwanza kwa wino uliogeuka kahawia: anayeandika awe amemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Asiyesikia haongozi.

Wilf alikuwa ameongoza miaka ishirini na sita. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, na tangu mkewe Beryl afariki, Jumamosi ndiyo siku pekee aliyozungumza na watu. Siku nyingine alizungumza na redio, nayo alikuwa ameanza kuifungulia kwa nguvu hadi mtaa mzima tukawa tunapata taarifa ya hali ya hewa kutoka jikoni kwake.

Sasa niseme langu. Miaka minne nyuma, asubuhi moja ya mwezi wa nne, nilimwona hudihudi kwenye majani ya bustani yangu. Hudihudi! Kishungi kichwani, mabawa meusi na meupe, anatembea kama mkaguzi wa shule. Ndege huyo huku kwetu ni wa kumwona mara moja maishani. Nilimtazama dakika kumi na moja kwa saa ya jikoni, machozi yananitoka. Nikapeleka habari kwa Wilf aiandike. Akaniuliza maswali matatu, akafunga kalamu, akasema mbele ya wote, "Hapana, Noreen. Ulimwona kunguru wa msituni." Basi. Kunguru wa msituni huku kwetu ni ndege wa kila siku, na tangu hapo nikawa kichekesho. Nikifika maegesho, "Noreen, hudihudi hajambo?" Nikiaga, "Msalimie hudihudi!" Mimi niliyewapikia nusu yao chakula cha shule. Sikubishana na Wilf. Nilimeza, naye akadhani aliyemeza amesahau.

Alhamisi moja Desmond akatukusanya jikoni kwa Hilary, mwanamke mwenye roho nyepesi ambaye hukubaliana na mtu wa mwisho kuzungumza.

"Mzee hasikii," Desmond akasema. "Sauti za juu zimemwisha kabisa. Wiki jana kindege kingine kimeimba pale pale sikioni mwake, yeye anatusimulia habari za goti lake."

"Jamani, ni umri," Hilary akasema.

"Umri ukimzidi si akalee maua? Haya niambie, mwaka jana ile tarehe aliyoiandika, wewe ulimsikia huyo ndege?"

"Mimi niliona mkono umepanda, nikasimama."

"Noreen?"

"Nilisimama," nikasema.

"Umeona! Wote tunasimama tu kama kondoo. Kitabu cha miaka tisini, ndani kuna uongo."

"Si tumwite tu?" Hilary akasema. "Tumpe chai, tumwambie polepole?"

"Atakataa. Noreen, wewe ndiye mtu wake. Atakubali au atakataa?"

Nilijua kwamba nikisema atakubali, tungempa chai. "Atakataa," nikasema. Hapo ndipo Desmond akatueleza mchezo wake.

Jumamosi Wilf alinipitia nyumbani kama kawaida, maana mimi siendeshi. Alikuwa amenikatia kipande cha mkate wa zabibu, amekipaka siagi nene na kukifunga kwenye karatasi. "Kula, mama, leo upepo ni wa kusini. Leo ndiyo leo," akaniambia. Nikala. Ulikuwa mkate mzuri.

Tulikuwa saba. Tulipofika kwenye daraja la mbao, Desmond akanikanyaga mguu, hiyo ndiyo ishara. Mimi nilikuwa kando ya Wilf. Nikasimama ghafla, nikainua uso kwenye mierebi, nikatabasamu kama niliyeitwa na mtu ninayempenda. Hilary akafumba macho. Wengine wote wakaganda, videvu juu. Kulikuwa na upepo na maji chini ya daraja. Ndege hakuwepo.

Wilf alinitazama mimi kwanza. Halafu akawatazama wengine, mmoja mmoja, haraka haraka. Halafu mkono wake ukapanda juu, umenyooka, na uso wake wote ukachanua. Sijawahi kuona mzee akifurahi vile. Akasubiri muda unaostahili, akaushusha mkono, akatoa kitabu ndani ya koti.

"Saa tatu na dakika ishirini," akasema, akiandika. "Darajani. Anaimba kwa nguvu, sivyo? Ameimba mara mbili."

"Mara mbili?" Desmond akauliza.

"Mbili, ndiyo. Ya pili fupi."

"Wilf, mzee wangu, hakuna ndege."

"Amenyamaza sasa."

"Hajanyamaza. Hakuwepo. Tulisimama tu, tukaangalia matawi. Wewe peke yako ndiye uliyemsikia, tena mara mbili, ya pili fupi!"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Hilary akaziba mdomo, lakini mabega yalimsaliti. Kisha wote wakacheka, na kicheko kikishaanza kwenye baridi hakizimiki upesi. Wilf alibaki na kalamu hewani. Akanigeukia mimi, si Desmond.

"Noreen? Na wewe?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye haya angenyamaza. Mimi nikasema, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Labda alikuwa kunguru wa msituni, Wilf."

Wakaangua kicheko. Desmond alijishikilia kwenye ukingo wa daraja. Nakiri kwamba ilikuwa tamu, tamu hadi kwenye meno. Miaka minne niliitafuta sentensi ile.

Wilf hakukasirika, na hilo ndilo lililowakera. Alisubiri wamalize, akasema taratibu, "Ni mwaka wa tatu sasa. Zilianza kupotea sauti ndogo kabisa, nikasema ni nta. Nikaenda kuoshwa masikio. Hazikurudi. Basi nikawa naangalia nyuso zenu. Ndege akiimba nyuso zenu hubadilika, ninyi wenyewe hamjui. Hasa wewe, Noreen. Uso wako haujawahi kunidanganya."

Hakuna aliyecheka tena, lakini hakuna aliyesema pole pia. Desmond akajikohoza na kusema sheria ni sheria, ipo ukurasa wa kwanza. Wilf akasema anaijua, ameisoma mara nyingi kuliko yeye. Akaukata ule mstari wa saa tatu na dakika ishirini kwa kalamu, mara moja, akifuata mstari wa karatasi. Halafu akaendelea kuongoza njia, kwa sababu tulikuwa nusu ya mzunguko na magari yalikuwa ng'ambo.

Tukaufuata mgongo wake robo tatu ya saa. Alituonyesha bata wa bahari aliyejificha katikati ya mabata mia mbili, kwa macho matupu, wakati Desmond bado anafungua miguu ya darubini yake kubwa. Macho ya Wilf hayakuwa na kasoro, na hili nataka likumbukwe.

Kwenye lango la maji, hatua mia mbili kabla ya maegesho, kuna mwerebi mmoja umeinama juu ya njia. Tulipokuwa chini yake, chifchaf akaanza kuimba. Wa kweli. Chif-chaf, chif-chif-chaf, juu ya vichwa vyetu, kwenye tawi tupu lisilo na hata jani. Ningeweza kumgusa kwa fimbo ya ufagio.

Tukasikia wote sita. Na wote sita, bila kupanga, tukakaza nyuso. Tungesimamaje tena? Tungeinuaje videvu, baada ya lile la darajani? Angedhani tunamrudia mchezo ule ule. Hilary akawa anatazama viatu vyake. Desmond akatazama maji, amekakamaa shingo kama mtu aliyelalia vibaya. Tukapita chini ya yule ndege kama watu wanaopita mbele ya mtu anayewadai.

Wilf akasimama. Akageuka, akaanza kutupitia nyuso, mmoja mmoja, kama alivyozoea, na safari hii hakupata kitu, kwa sababu tulikuwa tumeshajua anachotafuta. Akaja kwangu.

"Noreen, leo mmenicheka, yamekwisha. Nina swali moja, na usinionee huruma. Yupo? Nimempita?"

Ndege alikuwa anaimba wakati ananiuliza. Kila neno lake lilikuwa na chif-chaf yake juu. Nilikuwa na njia rahisi mno, hata neno halikuhitajika: ningenyoosha kidole. Angeinua macho yake yale, angemwona mdomo unafunguka na kufungika, koo linatetemeka. Hakuna sharti lililokataza kumwona. Angemaliza miaka yake ishirini na sita chini ya chifchaf wa kwanza, akijua yupo.

Lakini angekuwa ameshika kitabu. Na Desmond, naam, hata Desmond, angeona aibu, angesema, "Andika, mzee, mara ya mwisho, andika tu." Nami kitabu nilikitaka.

"Hapana, Wilf," nikasema. "Kimya kabisa."

Mabega yake yakashuka. Niliona ni nafuu. Alikuwa ameogopa jambo moja tu, kupita chini ya yule ndege bila kujua, na mimi nilikuwa nimemwambia halijatokea.

"Ahsante," akasema. Akatoa kitabu kwenye koti, akanipa kwa mikono miwili. "Basi ongoza wewe. Wewe una masikio, na huna maneno mengi. Usimpe Desmond. Nitakusubiri garini, tusije tukachelewa chakula chako."

Akaenda, polepole, akichagua pa kukanyaga kwa sababu ya goti.

"Haya, bibi kiongozi," Desmond akanong'ona, "atanyamaza sasa hivi huyo. Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tisa," Hilary akasema. "Lakini subirini kwanza mzee afike mbali, jamani."

Sikusubiri. Ndege wa kwanza hasubiriwi, na mwaka wangu wa kwanza usingekuwa na mstari mtupu. Nikanyoosha mkono juu. Nao, kwa mazoea ya miaka, wakasimama pale pale na kuinua nyuso, na baridi yote ikawatoka usoni, hata Desmond alionekana mtu mwema. Nikafungua kitabu, nikatafuta mahali chini ya ule mstari uliokatwa.

Wilf alikuwa amefika nusu ya njia. Aligeuka, nadhani kuniambia kitu, labda nisisahau kuandika mahali. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Akatuona. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama alivyofanya miaka mitatu yote, na nyuso zote zilimwambia. Mwisho akaniangalia mimi.

Nilimwona vizuri kabisa. Nikaandika tarehe, nikaandika saa, nikaweka sahihi yangu.