Kimya cha Tarumbeta

Watu walimwita Tarumbeta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mmoja wa wale wanaosimama mbele ya ukumbi na kipaza sauti, wakiamuru makofi yapigwe na mama mkwe acheze. Sauti yake ilikuwa nene, yenye kujaa. Akisema, "Jamani, hamna mikono?" hata mhudumu aliyebeba sinia alitafuta pa kuliweka ili naye apige makofi.

Nyumbani hakuzima. Alizungumza akinyoa ndevu, alizungumza akila, alibishana na msoma taarifa ya habari. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa mtu wa kutabasamu. Wageni wakiaga walisema, "Mke wako mpole sana," naye Tarumbeta alijibu, "Mungu hugawa kwa mizani. Mimi kanipa mdomo, yeye kampa masikio." Wageni walicheka. Mkewe alikusanya vikombe.

Jumamosi moja bibi harusi alikuwa amefika mlangoni na ukumbi mzima umesimama. Tarumbeta akavuta pumzi ili atoe ule ukaribisho wake mrefu uliompa jina, na mdomoni ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Ikatoka sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni kituko kingine cha Tarumbeta. Dijei, rafiki yake wa kazi wa miaka mingi, ndiye wa kwanza kuona kwamba macho ya mwenzake hayana mzaha. Akapandisha muziki haraka, na bibi harusi akaingia bila kukaribishwa.

Sauti hiyo ilikuwa imemkwaruza kwa wiki nyingi, ila alikuwa akijikaza kisabuni. Daktari wa koo alimwonyesha picha yenye vinundu kwenye nyuzi za sauti, vidogo kama punje za mtama.

"Utanyamaza," daktari alisema. "Kwa miezi. Na hata kunong'ona usinong'one, kunaumiza zaidi."

Tarumbeta aliuliza kwa mikono: na baada ya hapo?

"Itarudi. Kama itarudi ile ile, hilo siwezi kukuahidi."

Nyumba waliyokuwa wamepanga ilikuwa kubwa, na Tarumbeta aliamini kwamba kazi yake ndiyo iliyoidai. Mtu wa sherehe, alisema siku zote, akionekana mnyonge nani atamkabidhi sherehe? Sebuleni kulikuwa na makochi ya ngozi na televisheni pana kama meza ya kulia, na chumba kimoja kizima kilikuwa cha suti. Mshahara wa muuguzi peke yake haukuweza kubeba hayo yote. Haukupita muda wakahamia kwa shangazi yake Tarumbeta, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mjane aliyekula chumvi nyingi. Shangazi aliuza miche aliyoikuza katika kitalu nyuma ya nyumba, na uani kwake kulikuwa na vyumba viwili visivyo na mtu.

Siku ya kuhama, Shangazi alisimama akalitazama lori likishushwa mpaka ua ukajaa makochi.

"Hivi ni vitu au ni wageni?" aliuliza. "Maana vyote vimekaa, mimi nimesimama."

Mke wa Tarumbeta akacheka kwa nguvu. Tarumbeta hakucheka.

Shangazi alikuwa na masikio mazito. Ukimwambia "chai," anauliza nani hayuko hai. Kwa hiyo katika ua mmoja kukawa na mtu asiyesema na mtu asiyesikia, na muuguzi katikati, ambaye alirudi kazini amechoka na kuwakuta hao wawili wakipungiana mikono kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Marafiki wa ukumbini waliingia mitini, mmoja mmoja, bila ugomvi. Tarumbeta alikaa kwenye kochi lililokosa nafasi ndani, chini ya ukingo wa paa, uso ameukunja. Kila asubuhi Shangazi alitoka mlangoni, akajinyoosha, akajitangazia hali yake:

"Goti la kulia linauma. La kushoto zima. Haya, leo tutaenda na la kushoto."

Akaenda zake kitaluni. Jambo hilo lilimkera Tarumbeta kuliko yote. Mtu ana goti moja bovu, nyumba ya vyumba vichache, sahani zinazohesabika, halafu anashangilia! Yeye aliyekuwa akiwaambia watu "Furahini!" kila Jumamosi, tena kwa malipo, aliona furaha ya Shangazi ni ya mtu asiyejua alichokosa.

Kazi aliianza kwa bahati mbaya. Siku moja ya jua kali alimwonyesha Shangazi ishara ya maji, akiinua mkono na kuuinamisha. Alitaka kunywa. Shangazi akamtazama, uso ukamng'aa, akaenda akarudi na ndoo ya kumwagilia.

"Kumbe unataka kazi, baba! Nami nilikuwa naona haya kukuomba."

Kumweleza hakuweza. Akaipokea ndoo.

Siku hiyo aliimwagilia miche ya mipapai mpaka udongo ukawa uji. Kesho yake akaimwagilia tena. Haikupita wiki mashina yakaoza, miche yote ikalala chini kama walevi. Shangazi aliing'oa mmoja mmoja kutoka kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kukuzia miche, na hakuficha hasira.

"Hata mafuriko yangebakiza mmoja!"

Zamani Tarumbeta angetoa utetezi mrefu na mtamu, mpaka mwenye mipapai ndiye aombe radhi. Alihisi maneno yakimpanda kooni: jua lilikuwa kali, hakuna aliyenifundisha, kwanza sikuomba kazi hii. Hayakuwa na pa kutokea. Akabaki ameitazama miche iliyokufa, na kwa kuwa hakuna maneno yaliyomkinga nayo, akaiona kweli ilivyo. Ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni yeye. Akachukua koleo, akachanganya udongo na samadi na mchanga, akajaza viriba upya. Shangazi alimnunia siku mbili, kisha siku ya tatu akamletea kofia ya jua.

Tangu hapo akawa akienda kitaluni kila siku. Alijifunza kutia kidole kwenye udongo kabla ya kumwaga maji. Alijifunza kwamba mche ukitolewa chini ya wavu wa kivuli ghafla unaungua, kwa hiyo unausogeza juani kidogo kidogo. Hakuna aliyempigia makofi. Mwanzoni alilisikia pengo hilo kama njaa. Baadaye akashangaa kuona kwamba siku nzima imepita hajalisikia.

Jioni ndiyo iliyombadilisha zaidi. Mkewe akitoka kazini waliketi mlangoni, na kwa kuwa lazima mmoja aseme, alisema yeye.

"Leo kuna bwana kaja kumtazama mkewe," alianza jioni moja, huku akivua viatu. "Nikamwambia, hongera, ni mapacha. Akanyamaza. Akanitazama. Akaniuliza, 'Wote wawili?'"

Aliigiza sauti ya yule bwana, macho yamemtoka, mdomo wazi. Kisha akaigiza muuguzi mkuu akijificha nyuma ya pazia asionekane akicheka. Tarumbeta alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akijipiga gotini kwa kiganja.

Mkewe akasita. "Unanisikiliza?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kweli kabisa?"

Akaitikia tena. Mkewe akatazama chini, akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa khanga yake.

"Unajua, miaka yote hii nilikuwa nikianza hadithi, wewe unaimalizia," alisema. "Tena unaimalizia vibaya."

Alisema kwa utani, lakini hakuinua macho. Tarumbeta alikaa palepale muda mrefu baada ya mkewe kuingia ndani. Alikuwa ameishi na mchekeshaji hodari kuliko yeye, chini ya paa moja, na hakuwahi kumsikia. Watu wote wale waliosema "mke wako mpole," na yeye akijigamba kwa mizani ya Mungu! Aliona aibu, ila haikuwa aibu ya kumfanya anywee. Ilikuwa ile ya mtu aliyegundua kwamba amekuwa akishinda njaa na ufunguo wa ghala uko mfukoni.

Vitu vilianza kupungua, na aliyeanzisha hakuwa mtakatifu yeyote bali panya. Alianza na koti la bei kubwa kuliko yote, akalitoboa mgongoni kwa uangalifu wa fundi. Tarumbeta alilinyanyua, akauona mwanga kupitia tundu, akajikuta anatabasamu. Kulikuwa na suti pale ambazo hakuwahi kuzivaa mara ya pili kwa hofu ya kuambiwa amerudia. Alibakiza moja nyeusi na nyingine ya kijivu, zilizobaki akazigawa kwa washereheshaji wachanga. Makochi yakaenda kwenye chumba cha kusubiria cha wodi ya wazazi, ambako baba za watoto walikuwa wakikalia mabenchi ya mbao. Televisheni mkewe aliitoa mwenyewe. Alisema inaongea bila zamu.

Chumba kikapata hewa. Kitanda, meza, viti viwili na kijiti cha kutundikia nguo. Kukifagia kulikuwa kazi ya dakika chache, na Tarumbeta alipenda kukifagia. Asubuhi moja alimkuta Shangazi mlangoni akijinyoosha, na kabla hajatangaza habari za magoti, Tarumbeta akajigusa koo, akatikisa kichwa. Akajigusa mikono miwili, akainua dole gumba. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, baba! Leo tutaenda na mikono!"

Mvua za kwanza zilipopita, daktari alimruhusu kusema maneno machache kwa siku. Alirudi nyumbani amejiandaa. Mkewe alikuwa mlangoni akimsimulia Shangazi, kwa kupaza sauti, habari ya mama aliyekataa kumkabidhi mama mkwe mtoto mpaka anawe mikono mara mbili. Alipomwona mumewe alinyamaza ghafla, akasimama, akamngojea. Ilikuwa zamu yake. Wote wawili walijua.

Tarumbeta akafungua mdomo. "Endelea," alisema.

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo, kama ya mtu mwingine. Mkewe alijifunika uso kwa viganja. Shangazi akauliza, "Kasema nini?" na ikabidi aambiwe mara tatu.

Habari zikasambaa. Dijei akaja uani, akamkumbatia, akamweleza kuhusu harusi kubwa ambayo wenyewe walimtaka Tarumbeta na si mwingine. Tarumbeta alifikiri siku kadhaa. Hakutaka kujidanganya kwamba hapendi. Akaipiga pasi suti nyeusi, akaenda na mkewe.

Alianza vizuri. Alikaribisha wazee, watu wakamshangilia kwa jina. Lakini ukumbi ulikuwa na mamia ya watu, na sauti yake haikuwa tena ya kuwafunika. Meza za nyuma zikaanza mazungumzo yao. Dijei akaongeza nguvu ya spika, ikatoka mikwaruzo. Alipofika kwenye kuita keki, alisikia mtu akisema, "Huyu ndiye Tarumbeta?" na mwingine akijibu, "Labda ni mdogo wake." Mjomba wa bwana harusi akamsogelea, akamshika bega kwa heshima, akamnong'oneza kwamba kuna kijana wao wa familia ambaye anaweza kumsaidia kidogo. Tarumbeta alielewa. Akampa yule kijana kipaza sauti, akamtakia heri, akarudi kuketi kando ya mkewe.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

Kwa kitambo alitaka kuondoka kupitia mlango wa jikoni. Mkewe hakumpoza kwa maneno. Alimsogezea sahani, akaelekeza kidevu chini ya meza kuu. Mama wa bwana harusi, aliyevaa kama malkia, alikuwa amevua viatu na kuuweka mguu mmoja juu ya mwingine, akiukanda kwa kisigino. Pembeni, mpambe alikuwa amelala wima na tabasamu usoni. Tarumbeta alikuwa amesimama mbele ya harusi zisizo na idadi, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kuhudhuria. Akala. Akamsikiliza mzee mmoja akieleza kwa nini hajawahi kupenda keki. Muziki ulipochanganya akamwinua mkewe, wakacheza vibaya na kwa raha mpaka jasho likawatoka.

Hakurudi tena kwenye kumbi kubwa. Huwa wanamwita watu wenye shughuli za sebuleni, za watu wachache, nao humsifu kwa sababu hana haraka na huacha wenyewe waseme. Mkewe alipopandishwa cheo walizungumza kuhusu kupanga nyumba kubwa zaidi. Walikwenda kuitazama moja, wakatembea chumba hadi chumba, na mkewe akauliza, "Tutaweka nini humu?" Wakarudi kwa Shangazi, wakaongeza jiko dogo na wakarefusha kitalu mpaka ukutani.

Majuzi Dijei alipita kununua mche wa mchungwa, akamkuta rafiki yake amechuchumaa, mikono myeusi kwa udongo.

"Niambie ukweli," alisema. "Huikumbuki kazi yetu?"

"Naikumbuka," Tarumbeta alijibu. "Siku nyingine nikisikia muziki kwa mbali, mwili unasisimka. Siwezi kusema uongo."

"Halafu?"

"Halafu msisimko unapita." Akajipangusa mikono, akamvutia rafiki yake ndoo iliyofudikizwa. "Kaa. Hujanieleza bado, huo mchungwa unataka kuupanda wapi?"