Busu la Komeo

Mume wangu Anselme alinunua kipande chenye cheo ndani ya ardhi ya Bwana wa Malbrisse, hapa hapa ukingoni mwa mto Saint-Laurent. Cheo kinaandamana na udongo: ukimiliki kipande hiki kiitwacho Ruisseau-Noir, wewe ndiye Bwana wa Ruisseau-Noir, hata kama viatu vyako vinanuka samaki. Ila sharti uende kwa bwana mkubwa, kichwa wazi, upige magoti umwapie utii. Muda ukipita hujaapa, ardhi inarudi kwake. Asipokuwepo, unamwita mara tatu na kubusu komeo la mlango wake mkuu mbele ya mwandishi wa mikataba, basi, yamekwisha.

Siku ya mwisho tukafika nyumbani kwake na mwandishi wetu. Loo, mlango haupo! Tundu tupu, pazia linapepea. Dada wa bwana mkubwa, Bi Ursule, akatuambia bila haya kwamba kaka yuko Quebec, na mlango umeondolewa kupakwa rangi. Kumbe huyo bwana mzee alishaona ngano yetu ilivyostawi, tamaa ikamwingia. Anselme akanywea. Jasho letu lote pale liende hivi hivi? Mimi damu ilinichemka.

"Sheria inataka mlango," nikamwambia mwandishi. "Haikusema uwe umesimama."

Tukausaka. Tukaukuta zizini, umelazwa juu ya mapipa, kuku wamejipanga juu yake kama wenye nyumba. Nikawafukuza. Anselme akavua kofia, akapiga magoti kwenye samadi, akamwita Bwana wa Malbrisse. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu, hata hajafunga mdomo, juu darini kwenye majani makavu mtu akapiga chafya.

"Afya, bwana," Anselme akajibu, kwa adabu zake zote.

Mwandishi aliangua kicheko mpaka kalamu ikamdondoka. Mzee akashuka ngazi, wigi limejaa majani. Nilijua atatutukana. Akatutazama, akawatazama kuku, mabega yakaanza kumtikisika, naye akacheka hadi machozi. Kisha akaifumbata mikono ya Anselme ndani ya mikono yake, kama desturi inavyotaka.

"Komeo usilibusu, kuku wamelichafua," alisema. "Inuka, Bwana wa Ruisseau-Noir."

Mume wangu hakuinuka. Alikuwa analia kwa furaha, ikabidi tumwinue, mimi upande huu, bwana mkubwa upande ule.